Usalama kazini: Nani anamlipa mkaguzi?

 

Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa huu hautazungumzia kipindupindu, malaria wala kisukari. Tutazungumzia fedha. Najua utasema fedha za Serikali zina kurasa zake na waandishi wake. Ni kweli, lakini yapo maradhi ambayo kinga yake haiuzwi duka la dawa. Inapatikana pale penye kipimo kilichowekwa na wenye elimu, na penye jicho la mkaguzi anayehakikisha kipimo kile kinafuatwa. Sasa mtunga kipimo na mkaguzi wote wana watoto wa kulisha, wanahitaji nauli, vifaa na maabara. Nani anawalipa? Swali hili linaonekana la kiofisi, lakini jibu lake linafika mpaka kwenye beseni la nguo nyumbani kwako.

Tuanze na kikohozi. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu anakuja hospitali amekohoa kwa miezi mingi, amekonda, akitembea kidogo anahema. Kila mtu, nasi matabibu tukiwemo, anafikiria kifua kikuu, na mara nyingi huwa ni kifua kikuu kweli. Lakini wapo ambao makohozi yao yanapimwa na hayaonyeshi vimelea, wanapewa dawa hii na ile, na nafuu haiji. Muulize kazi yake. Utasikia alikuwa akichoronga miamba Mirerani, au akiponda kokoto, au akisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, au akikata marumaru kwa mashine bila ya maji.

Miamba mingi na mchanga vina madini yanayoitwa silika. Mwamba unapotobolewa au kusagwa, silika hupaa kama vumbi. Lile vumbi kubwa unaloliona kwenye mwanga wa dirisha si la kuogopwa sana, kwa sababu puani na kooni hunaswa likatoka na kamasi. Linaloua ni lile usiloliona, lenye upana chini ya mikroni 5, wakati unywele mmoja wa kichwani unafika mikroni 70 hivi. Hilo hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Mwili hujaribu kulila, hushindwa, na mahali pale hufanya kovu. Makovu yakiwa mengi pafu hukakamaa, halinyanyuki. Ugonjwa huu ni silikosisi, na hadi leo hakuna dawa ya kuyaondoa makovu yale. Zaidi ya hapo, mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko mtu mwingine, kisha akawaambukiza watu wa nyumbani ambao hawajawahi kuliona shimo la mgodi. Mwaka 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiingiza silika ya mahali pa kazi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

(Daktari wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu mwaka 1700 akiwasihi matabibu waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, na kwenye kadi nyingi za wagonjwa bado utakuta pameandikwa "mkulima" hata kwa mtu ambaye jembe hajalishika tangu atoke kijijini.)

Kinga ya vumbi hili inajulikana. Kwanza ni maji: mwamba unaochorongwa huku ukimwagiwa maji hautoi vumbi jingi. Pili ni hewa inayosukumwa ndani ya shimo na kutolewa. Barakoa inakuja mwisho kabisa, ingawa waajiri wengi huanza nayo na kuishia nayo kwa sababu ni rahisi. Hata hivyo hebu tuitazame hiyo barakoa, maana ndiyo itakayotufikisha kwenye suala la fedha.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi. Utaona barakoa mbili zimetundikwa, zote nyeupe, zote zina mikanda, zote zimeandikwa herufi na namba. Moja inazuia vumbi la silika, nyingine inazuia mate tu. Huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa kupuliza. Muuzaji naye hajui. Fundi anayenunua anachonunua hasa ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kumuona, aliyeikalia ile barakoa maabara akaipima. Mtu huyo akiwa hayupo, au akiwa analipwa na mwenye kiwanda cha barakoa, fundi amenunua kitambaa.

Barakoa inayoitwa N95, kwa mfano, lazima inase angalau asilimia 95 ya chembe zile ngumu kuliko zote kunaswa. Jina hilo ni la Marekani, na msimamizi wake ni NIOSH, taasisi ya Serikali ya huko ya utafiti wa usalama na afya kazini, iliyotokana na sheria ya mwaka 1970. Mwaka 2020, dunia ilipojaa barakoa kwa ajili ya korona, maabara ya taasisi hiyo ilizipima nyingi zilizotoka nchi nyingine na kukuta kuwa sehemu kubwa haikufikia kiwango ilichojiandikia. Mwenye duka hakulijua hilo. Ilijulikana kwa sababu zilikuwepo fedha za umma za kuwalipa wapimaji wasiouza barakoa.

Basi tarehe 1 Aprili 2025 Serikali ya Marekani ilitoa barua za kuwaachisha kazi sehemu kubwa ya watumishi wa taasisi hiyo hiyo. Kazi ya kuidhinisha barakoa ilivurugika, na mpango wa kuwapima mapafu wachimba makaa ya mawe ukasimama. Mchimbaji mmoja wa West Virginia akaenda mahakamani, na mwezi Mei mwaka huo jaji akaamuru huduma ya mapafu ya wachimbaji irudishwe. Nimelileta jambo hili la mbali kwa sababu moja. Sisi huku tunaagiza barakoa zenye herufi zile zile. Mahali zilipopata thamani yake panapoyumba, na sisi tunayumba, isipokuwa tuwe na wapimaji wetu.

Je, tunao? Tunao. Tanzania Bara viwango hutungwa na Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linafuata Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kukagua sehemu za kazi ni jukumu la OSHA, wakala wa Serikali uliozinduliwa Agosti 2001, na sheria yake mama ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu usalama kazini, na taasisi yao ya viwango, ZBS, kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa hiyo sheria zipo, na ukizisoma ni nzuri.

Fedha za kazi hii huja kwa milango miwili mikubwa. Mmoja ni ruzuku kutoka Hazina, yaani kodi yako na yangu, ile tunayokatwa tukinunua sabuni. Mlango wa pili ni ada zinazolipwa na wanaokaguliwa na wanaopimiwa bidhaa. Wafanyabiashara wamelalamika sana juu ya mlango huu wa pili, kwamba kila ofisi inakuja na risiti yake, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake. Baada ya Serikali kupitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara mwaka 2018, baadhi ya ada za OSHA ziliondolewa, ikiwemo ya kusajili sehemu ya kazi. Nafuu hiyo njema. Lakini ada ikitoka lazima Hazina iingie, la sivyo mkaguzi atakaa ofisini kwa kukosa mafuta ya gari.

Sisemi kuwa ada ni kosa. Mwenye kiwanda kikubwa kinachozalisha hatari ana wajibu wa kuchangia gharama ya kuilinda jamii na hatari hiyo. Tatizo ni ofisi inapoishi kwa ada peke yake. Mkaguzi anayeishi kwa ada ataelekea kule kwenye ada. Atakwenda kiwandani chenye geti na mhasibu, ambako pengine mambo si mabaya sana, na hatakwenda kwa yule kijana anayechomelea mageti kando ya barabara na miwani ya jua, wala kwa akina mama wanaoponda kokoto na watoto mgongoni. Hawa hawana cha kulipa, kwa hiyo hawaonekani. Na ndio ninaowapokea mimi.

Tatizo la pili ni la moyo wa mwanadamu. Anayekulipa leo na kesho, utaona haya kumfungia kiwanda keshokutwa. Hata kama huli rushwa, utaona haya.

Hapa, ndugu msomaji, sisi tuliosoma madrasa hatuna udhuru wa kusema jambo hili ni geni. Dola za Kiislamu zilikuwa na kazi ya hisba, na mwenye kazi hiyo akiitwa muhtasib. Alikuwa akizunguka sokoni kuangalia mizani, mkate, nyama, dawa, na mabamba ya mafundi. Al-Shayzari, mwandishi wa karne ya 12, aliwaandikia muhtasib kitabu cha mwongozo wa fani moja baada ya nyingine. Humo alitaka mkanda unga afunge kitambaa mdomoni asije akapiga chafya au kutema mate kwenye unga, na afunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke. Hicho ni kiwango cha kazi, kilichoandikwa karne nyingi kabla ya TBS. Naye huyo huyo alimtahadharisha muhtasib asipokee zawadi za watu wa soko.

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake cha hukumu za utawala alieleza tofauti kati ya muhtasib aliyeteuliwa na Muislamu wa kawaida anayekataza maovu kwa kujitolea. Katika tofauti hizo ipo hii: muhtasib aliyeteuliwa inajuzu kupewa riziki yake kutoka Baytul Mal kwa kazi yake, na yule wa kujitolea hapewi. Tazama hekima ilivyopangwa. Hakuambiwa akale kwa muuza mkate anayemkagua. Aliwekewa fungu kwenye mfuko wa Waislamu wote, kwa sababu wote wanakula mkate.

Na kisa cha Ibn al-Lutbiyya kinajulikana, kimepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) alimtuma kukusanya Zaka, akarudi na kusema hizi zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ile ingemfuata. Kisa hiki tunapenda kukisoma wakati wa kuwasema watumishi wa Serikali. Kinatuhusu na sisi wenye karakana tunaomwita mkaguzi pembeni.

Mkataba wa kimataifa wa ukaguzi wa kazi, Na. 81 wa mwaka 1947, unasema jambo lile lile kwa lugha ya kisasa. Wakaguzi wawe watumishi wa umma wenye ajira ya uhakika, wasiyumbishwe na mabadiliko ya serikali wala mashinikizo ya nje, na wasiwe na maslahi yoyote, ya wazi au ya kujificha, katika sehemu wanazokagua. Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. Na Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi.

Ama kuhusu kutunga viwango, fedha zina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu. Kiwango hakishuki kutoka mbinguni. Kinatungwa na kamati, watu wanakaa mezani kwa siku nyingi wakibishana kuhusu unene wa glavu au urefu wa kizuizi cha msumeno. Anayekuja kwenye meza hiyo ni yule aliyelipiwa nauli na ambaye mshahara wake unaendelea akiwa kikaoni. Kiwanda kitamtuma mtu wake bila shida. Mshona viatu na mchimbaji hawawezi, hata muuguzi hawezi. Matokeo yake kipimo hutungwa na upande mmoja, bila ya uovu wowote, kwa kuwa upande wa pili haukuwepo.

Wajerumani waliliona hilo. Mwaka 1994 waliunda tume iitwayo KAN ambayo kazi yake ni kuhakikisha usalama wa mfanyakazi unasikika katika utungaji wa viwango. Humo waajiri wana viti 5, wafanyakazi 5 na Serikali 5, pamoja na mwakilishi wa bima ya ajali na wa shirika la viwango. Gharama hubebwa na Serikali kuu pamoja na bima za ajali kazini. Kwa maneno mengine, kiti cha mfanyakazi kimelipiwa, hakuachiwa aombe nauli.

Hapa kwetu bima ya namna hiyo ipo, nayo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango ni wa mwajiri peke yake, wala hairuhusiwi kuukata kwenye mshahara wako. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Jema lake ni kuwa mwenye kuzalisha hatari anachangia bila ya kumshika mkaguzi mkononi. Upungufu wake ni kuwa ulijengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, na kijana wa kando ya barabara hana mwajiri. Kwa maoni yangu, huyo ndiye wa kwanza anayestahiki fedha za kodi: mkaguzi amfuate bila ankara, amfundishe, ampe miwani halisi ya kuchomelea, aondoke.

Fedha hizi tusipozitoa mapema tutazitoa tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, mafundi na wapita njia na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na watu wa madukani wakafukiwa humo. Mara zote mbili fedha za vijiko, magari ya wagonjwa, sanda na tume za uchunguzi zilipatikana. Fedha hizo, zingetangulia, zingelipa wakaguzi wengi.

Na tusiangalie Serikali tu. Kamati ya msikiti inapokusanya sadaka kujenga mnara, tazama orodha ya gharama: saruji, nondo, mbao, vigae. Kofia ngumu na mkanda wa kumfunga fundi aliye juu havimo. Fundi yule akianguka, fedha ya sadaka imemletea mjane eda. Hadithi ya 32 katika Arbaini ya Nawawi, ile ya kukataza madhara, watoto wetu wanaihifadhi madrasa hatua chache kutoka kwenye jukwaa lile la miti iliyofungwa kwa kamba.

Sasa turudi nyumbani, maana mama wa nyumbani anasoma ukurasa huu na kujiuliza mimi ninahusikaje. Unahusika kwa beseni. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London walipochunguza wagonjwa wa saratani ya utando wa mapafu inayosababishwa na asbesto, waliwakuta miongoni mwao watu ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto, isipokuwa waliishi nyumba moja na mfanyakazi wake, na walikuwemo wake waliofua nguo za waume zao. Risasi ya betri za magari nayo hufuata njia hiyo hiyo, ikaingia kwa watoto na kudhuru ubongo wao.

Watu huniuliza kama nguo yenye vumbi la kazi ni najisi. Si najisi, swala inaswihi, lakini mapafu hayajasoma fiqhi. Kwa hiyo usizikung'ute nguo za kazi ndani wala kibarazani. Ziloweke kwanza, zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe mahali watoto wanapochezea. Viatu vya kazi vibaki nje. Baba aoge na kubadili kabla ya kumbeba mtoto, na akiweza awe na kanzu safi ya kwenda nayo msikitini badala ya kusujudu na ovaroli kwenye mkeka wa watu wote. Lililo bora zaidi ni mwajiri aweke bafu na sehemu ya kufulia huko huko kazini, na haya mkaguzi ana haki ya kuyauliza.

Kijana wako akipata kazi ya mgodini, kiwandani au kwenye ujenzi, muulize kama amepimwa afya kabla ya kuanza. Sheria ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza na kisha kila baada ya muda, na daktari anayetambuliwa kwa kazi hiyo. Aombe nakala ya majibu na picha ya kifua, mama aitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Silikosisi inaweza kujitokeza baada ya miaka 10 au 20, wakati mgodi umeshafungwa na mwenye mgodi hajulikani aliko, na siku hiyo ile bahasha ndiyo itakayomwonyesha tabibu, na mfuko wa fidia, kuwa alipoingia kazini mapafu yake yalikuwa mazima.